Sehemu ya Kwanza Baada ya Sifuri

Mama yake Silveri tulimzika Jumanne, kule Kajaga, katika makaburi madogo ambayo upepo wa ziwa unayapiga kutwa. Nilisimama nyuma, kwa sababu sikuwa ndugu wala mtu wa kanisa lao, na watu wengi pale hawakujua nilikuwa nani. Générose ndiye aliyenitambua. Tulisoma pamoja mwaka wa mwisho wa lise, shule ya sekondari, kisha tukapotezana kama watu wengi wa Bujumbura walivyopotezana, kila mmoja akikimbilia upande wake. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alikuja akanishika mkono, akaninong'oneza: "Zaituni. Mi nakumbuka we na Silveri mukigombana juu ya sifuri. Darasa nzima ilikuwa inawacheka." Nikamjibu kwamba hata mimi nakumbuka. Akaubana mkono wangu kidogo, akarudi kwa watu wake. Nilipofika nyumbani niliketi mezani na viatu vyenye udongo wa kaburini bado miguuni, nikaona kwamba sasa nimebaki peke yangu ninayeyajua yote, na kwamba nisipoyaandika haya hakuna mwingine atakayeyaandika.

Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka hufika siku ya kuandika ubaoni: moja, nusu, theluthi, robo, moja ya tano, moja ya sita, halafu vile vidoti vitatu vinavyomaanisha kwamba mfuatano huu hauna mwisho. Nikishaviandika vidoti huwa nageuka nikawaangalia wanafunzi, kwa sababu sikuzote yupo mmoja mwenye uso usioridhika. Namfahamu kabla hajainua mkono. Wanafunzi wangu wamezoea kwamba siku hiyo Madamu Zaituni hushika ukingo wa meza katikati ya somo, kisha akaendelea. Wanadhani ni presha.

Mwaka ule wa mwisho wa lise nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikaa kwa shangazi yangu Mwajuma, mtaa wa Jabe, nyuma ya soko. Shangazi alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na vyumba viwili: kimoja tulilala, kingine kilikuwa na cherehani, kabati la vitambaa na sakafu ya saruji iliyolainika kwa kufagiliwa. Harufu ya chumba kile naijua hata leo: mafuta ya mashine, vitenge vipya, na moshi wa makaa uliotoka uani ambako sufuria ya maharage ilikaa motoni tangu asubuhi. Wateja walikuwa wanawake, na walipokuja kupimwa waliongea kwa sauti ya juu kuhusu harusi na bei ya mawese, kisha shangazi alipowazungusha kupima mgongo, sauti zikashuka. Nikiwa nimeinamia daftari langu nilisikia: nani amehama mtaa, nani amefunga nyumba akaacha kuku ndani, nani alitoka kazini hakufika kwake. Hawakuwahi kuyataja mauaji kwa jina. Walisema tu "ile mambo." Shangazi, na pini mdomoni, aliitikia mm, mm, halafu akasema, "Inua mukono," na mazungumzo yakarudi kwenye harusi.

Ugomvi wetu ulianzia darasani. Mwalimu wetu wa hisabati, Monsieur Anselme, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia, na asubuhi hiyo alituambia kwamba mfuatano wa moja, nusu, theluthi, robo unaikaribia sifuri bila kuifikia, na kwamba hauna sehemu ya mwisho. Silveri akainua mkono kutoka benchi la nyuma. Alikuwa kijana mwembamba, mkimya, asiyeingia kwenye mizaha ya wenzake, na kwa kuwa alitoka Kiriri, mtaa wa matajiri juu mlimani, sote tulimwona mtoto wa wakubwa anayeturingia. "Sawa, Monsieur," akasema. "Haina ya mwisho kama tunatoka kwa moja tunaenda kwa sifuri. Lakini hizi sehemu zote ziko tayari ku mustari. Hakuna mutu anazileta moja moja. Sasa nikigeuka? Sisimizi akitoka kwa sifuri anakuja huku, atakanyaga ipi ya kwanza?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilikasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri na halikuwa langu. Nikasimama bila kuruhusiwa nikasema hakuna ya kwanza. Utakayoitaja yoyote, nitakupa nyingine iliyo karibu zaidi na sifuri. Silveri akanigeukia. "Wewe unasema zile zinatajika," akasema. "Mi nasema zile hazitajiki."

Monsieur Anselme alikaa juu ya meza yake akatutazama kwa furaha ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Alitangaza kwamba mwisho wa muhula kutakuwa na mdahalo rasmi. Silveri atatetea kwamba sehemu ya kwanza baada ya sifuri ipo, mimi nitatetea kwamba haipo, darasa litaamua. Akaweka sharti moja: tujitayarishe pamoja, hadi kila mmoja aweze kuisema hoja ya mwenzake vizuri kuliko mwenyewe.

Ndivyo Silveri alivyoanza kushuka Jabe kila Jumamosi mchana. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, kofia mkononi, hadi shangazi akamwambia, "Ingia, baba, mlango haiumi." Tulihitaji mstari wa namba, na mstari mrefu zaidi tuliokuwa nao ulikuwa sakafu ya chumba cha cherehani. Tulichora kwa chaki ya fundi kutoka ukutani hadi kizingitini: ukuta ulikuwa sifuri, kizingiti kilikuwa moja. Shangazi alitupa futi yake. Kutoka ukuta hadi mlango zilikuwa sentimita mia tatu na sitini kamili, na Silveri aliona dalili njema katika hilo, kwa kuwa mia tatu na sitini inagawanyika kwa urahisi. Tukachukua vifungo kwenye mkebe, tukaweka kimoja kwenye nusu, kimoja kwenye theluthi, kimoja kwenye robo, tukaendelea kutambaa kwa magoti. Vya kwanza vilikaa mbali mbali kama nyumba za mlimani. Kufikia cha kumi vilikuwa majirani. Kuanzia cha kumi na tisa hivi vilianza kupandana, na hapo tukakwama, tumeinamisha vichwa karibu na ukuta, tukitazama kiganja kimoja cha sakafu tupu ambamo zote zilizobaki, zisizohesabika, zilipaswa kuenea.

"Unaona?" Silveri akasema. "Zote ziko hapa. Na kati ya moja na mwenzake kuna nafasi, hata ikiwa ndogo. Hazigusani. Basi sisimizi hawezi kukanyaga mbili mara moja. Lazima aanze na moja."

"Ipe jina."

"Jina haina."

"Basi haiko."

"Mutu bila jina haiko, Zaituni?"

Shangazi akanyanyua macho kutoka kwenye mashine. "Mukimaliza kutafuta huyo mutu wenu, munirudishie vifungo. Bwana harusi anangoja koti. Na mukule, maharage inakauka."

Tulikula kwenye sinia moja, sisi watatu: maharage yenye mawese, ubwari, yaani ugali wa muhogo, siku nyingine ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa hadi wakalia mdomoni. Silveri alikula taratibu, akisafisha upande wake wa sinia kwa adabu, na nilianza kushuku kwamba huko Kiriri hakulelewa kama tulivyodhani. Sikumuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kumshinda. Nilipata hoja yangu kubwa Jumamosi ya tatu: nikamwambia kwamba sisimizi wake, hata akisogea kiasi kidogo namna gani kutoka sifuri, hata unywele mmoja, atakuwa ameshaacha nyuma yake sehemu zisizo na idadi. Hakuna hatua iliyo fupi kiasi cha kukanyaga moja tu. Ya kwanza haikujificha, haipo kabisa. Silveri aliutazama ukuta. Kisha akasema, na hakuwa akinijibu mimi, "Hiyo inatisha." Nilifurahi. Nilidhani hofu yake ilikuwa alama yangu.

Mji ulizidi kuwa mbaya. Zilikuja siku ambazo maduka yote yalifungwa na hakuna aliyetoka, na siku nyingine tulikuta mabenchi mawili matatu matupu darasani na Monsieur Anselme akaita majina kwa sauti isiyobadilika, akingoja kidogo baada ya kila jina lisiloitikiwa. Ijumaa, siku tatu kabla ya mdahalo wa Jumatatu, kwenye lango la shule, Silveri aliniambia, "Kesho sitakuja. Papa amenikataza kushuka. Anasema barabara haiko muzuri." Générose alikuwepo, na wengine watano sita. Ningeweza kusema sawa. Shangazi mwenyewe alikuwa amesema asubuhi hiyo kwamba barabara haikuwa nzuri. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, na nilikuwa na ulimi. Nikasema, "Kama unaogopa sema unaogopa, usimusingizie papa yako. Kesho usipokuja, Jumatatu nitaandika ku tablo ya darasa: Silveri amekimbia." Wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, akainua kofia yake, akaenda zake.

Jumamosi alikuja. Ilikuwa mchana mweupe, wenye joto, na soko upande wa pili lilikuwa kimya isivyo kawaida. Nilimshambulia kabla hajaketi, nikarudia hoja zangu zote mfululizo, na yeye alinisikiliza ameegemea kabati la vitambaa, bila kunipinga hata mara moja. Ukimya wake ulinichoma. "Sema kitu," nikamwambia. Akatabasamu. "Jumatatu nitasema kitu mbele ya wote." "Umepata hoja mpya?" "Jumatatu, Zaituni." Nilimsihi, nikamtania, nikamkasirikia, hakusema. Saa kumi kamili shangazi aliweka mkono juu ya cherehani akaisimamisha na kusema aondoke sasa hivi jua likiwa juu, apitie barabara kubwa, asikate njia. Silveri alimuaga shangazi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa bado nimenuna, nimempa mgongo, najifanya napanga vifungo. Nilisikia tu viatu vyake vikivuka kizingiti.

Hakufika kwao.

Jumatatu Monsieur Anselme aliliita jina lake, akangoja, akaliita tena, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Jioni hiyo alinichukua tukapanda pamoja Kiriri. Tulipita malango makubwa ya chuma na maua yanayoning'inia juu ya kuta, na mbele ya lango moja akabisha, mlinzi akatupitisha kando ya jumba jeupe lenye veranda, hadi nyuma kabisa, penye chumba cha saruji kando ya tangi la maji. Hapo ndipo Silveri alipoishi. Baba yake alikuwa mpishi wa jumba lile. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza, picha ya Bikira Maria, na ukutani, juu ya kitanda kimoja, mstari wa penseli wenye alama zilizosongamana kuelekea pembeni. Mama yake alikuwa ameketi chini, na mbele yake palikuwa na sahani iliyofunikwa. Baba hakuwepo, alikuwa akizunguka hospitali na ofisi, na alizunguka hivyo wiki nyingi baadaye, na kila mahali walipitisha kidole kwenye orodha wakamwambia kwamba jina hilo halimo. Mama aliniuliza swali moja tu. "Alitoka kwenu saa ngapi?" Nikasema saa kumi. Akaitikia kwa kichwa. Lile neno la langoni sikulisema, nikashuka nalo Jabe, nikalala nalo.

Mdahalo Monsieur Anselme hakuufuta. Alitupa wiki moja, kisha akaniita mbele. "Leo utasema upande wa Silveri," akaniambia. "Ndilo sharti nililowapa. Hakuna mwingine anayeujua." Nilisimama mbele ya mabenchi ambayo hayakujaa, na nikasema kila alichosema: kwamba zote zipo tayari, kwamba hazigusani, kwamba asiyetajika si lazima awe hayupo, kwamba udhaifu ni wa ndimi zetu na si wa mstari. Nilimsema vizuri kuliko nilivyowahi kujisema mwenyewe. Nilichora ukuta, nikamchora sisimizi, na nilipofika kwenye maneno yake, mutu bila jina haiko?, hakuna aliyecheka, kwa sababu wakati huo kila mmoja pale alikuwa na mtu ambaye kwao hatajwi tena kwa sauti. Ulipofika wakati wa kupiga kura, mikono yote iliinuka upande wake. Hakuna aliyeniuliza hoja zangu. Monsieur Anselme aliandika ubaoni: *Ipo*. Akaweka chaki chini, akatoka nje, na kupitia dirishani tulimwona amesimama kwenye uwanja mtupu na koti lake la kahawia, uso kwenye viganja. Neno lile lilikaa ubaoni siku nne. Siku ya tano alilifuta mwenyewe, polepole, akatupa uthibitisho sahihi kwamba haipo, na hakututazama mpaka alipomaliza. Nadhani ni katika siku zile nne nilipoamua kuwa mwalimu, ingawa kwa muda mrefu nilisema ni kwa sababu napenda namba.

Halafu miaka ikapita, na sitaisimulia. Naeleza tu kwamba kitu alichotaka kukisema Jumatatu hakikuniacha. Chuoni nilisoma vitabu ambavyo hakuna aliyenilazimisha kuvisoma, nikitafuta hoja ambayo ingemfanya kijana wa miaka kumi na tisa atabasamu vile akiwa ameegemea kabati. Nilimtungia hoja mimi mwenyewe, nikazivunja, nikatunga nyingine. Mara nyingine, nikisahihisha mitihani mchana katika nyumba tupu, nilisikia viatu vikivuka kizingiti na nilijua bila kugeuka kwamba nikigeuka hakutakuwa na mtu. Sikugeuka.

Miaka miwili iliyopita nilisikia kwamba mama yake bado yu hai, mjane, anakaa Kajaga na binti yake anayeuza samaki. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka akigeuza ndagala juani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na macho mazima kabisa. Nilipojitambulisha hakushangaa. "Binti wa Jabe," akasema. "Kaa." Nikakaa, na kwa kuwa nilijua nikianza kwa salamu ndefu sitafika, nilimwambia papo hapo: nilichosema langoni, mbele ya watu, na kwamba alishuka kwa sababu yangu. Alizidi kugeuza samaki hadi akamaliza safu. Kisha akasema, "Hizo namba zenu, zilikuwa zinasema nini? Yeye alinielezea, lakini mi sikusoma. Nielezee wewe."

Nikamweleza kwa kuwapanga ndagala kwenye mkeka, wakisongamana kuelekea ukingo. Alifuatilia kwa makini, akauliza mahali pa kuuliza. Mwishoni akasema, "Sasa nani alikuwa na haki?"

Nilijua jibu ambalo mtu mwema angelitoa. "Mimi, mama," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Na yeye aliniambia ivyo. Asubuhi ile, akivaa. Aliniambia: Mama, yule binti amenishinda, nimeona jana, na Jumatatu nitasema mbele ya wote. Nikamuuliza, kama amekushinda, na baba yako amekukataza, unashuka kufanya nini? Akacheka tu. Alivaa shati yake ya misa." Akanitazama. "Hakushuka juu ya maneno yako, mwana wangu. Na hakushuka juu ya namba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa msamaha. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Miaka yote nilikuwa nimetafuta hoja, na hapakuwa na hoja. Palikuwa na kijana aliyetaka kukaa saa chache zaidi katika chumba chenye cherehani, na mimi nilimpa mgongo. Nililia pale kwenye mkeka wa samaki, mimi mtu mzima, na yeye aliniacha nilie bila kunigusa, kama mtu anayengoja zamu yake.

Niliponyamaza aliniuliza jambo ambalo nadhani alilihifadhi tangu siku ile nilipokuja na mwalimu. "Siku ile, kwenu. Mulimpa nini ya kula?"

Shangazi alikuwa amepika ndizi na maharage. Aliita mara mbili. Mara zote mbili nilisema bado, ngojeni kwanza aseme hoja yake, na chakula kilipoa, na saa kumi ikafika, na Silveri aliondoka bila kuonja kitu. Nimewafundisha watoto wa watu miaka yote hii kwamba jambo ama ni kweli ama si kweli, na kwamba huruma haina nafasi ubaoni.

"Ndizi na maharage, mama."

"Alikula?"

"Alikula," nikasema. "Akaomba tena."

Mama Silveri alifumba macho. Akakaa hivyo kitambo, mikono yake yenye magamba ya samaki imelala mapajani, akiitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.